Viatu vya Siku ya Hesabu

4 Machi

Shangazi,

Kabla hujafika mstari wa tatu, nakuomba ufunge mlango wa duka. Kama kuna mteja kwenye benchi, mwambie arudi kesho. Barua hii isisomwe na mtu mwingine yeyote, hata Kitinda, ingawa ni binti yako na ni dada yangu. Ukiimaliza usiitumie kufungia misumari kama ulivyozifanyia barua zangu za chuo. Ichane. Niliapa mbele ya katibu wa kamati, mkono juu, kwamba sitatoa nje neno lolote ninalolisoma ndani ya ofisi, na sasa naandika maneno hayo hayo kwa wino wa serikali.

Shikamoo. Baba ameniambia goti lake limepata nafuu na kwamba wewe ndiye uliyemkataza kupanda ngazi. Asante, maana mimi hanisikii. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, ila ukuta wenyewe umepakwa rangi vizuri, kwa hiyo silalamiki. Ningekupigia simu, lakini simu yako haisikiki mpaka uiweke spika, na kila nikipiga duka zima hunijibu kabla yako.

Sasa neno lenyewe. Unajua kazi yangu katika kamati ya fedha ya bunge: napokea barua, nazisajili, napiga chapa majedwali. Siku hizi kamati inajadili mfuko mpya wa watoto. Wanataka kuweka kodi ndogo kwenye soda na bia, kisha fedha ziende kwa halmashauri za wilaya kulingana na umaskini wa watoto katika kila kata. Umaskini huo ulipimwa na wale wadodosaji waliopita nyumba kwa nyumba mwezi wa Oktoba. Walikuwa na maswali sita. La nne linasema: "Je, kila mtoto ana viatu vinavyomtosha? Mdodosaji ajionee mwenyewe."

Jumatatu nilipewa jedwali lenyewe nilipige chapa. Nikafika kwenye kata yetu. Watoto 412. Wenye viatu 409. Nikadhani nimeruka mstari, nikaweka rula, nikasoma tena. Ni hivyo hivyo. Shangazi, mtaa wanakokaa mawaziri hapa mjini umepata chini ya hapo, kwa sababu watoto wa huko walikutwa kwenye bwawa wakiogelea na mdodosaji akaandika alichokiona.

Mimi nimekulia mtaani kwako. Najua miguu ya darasa letu ilivyokuwa. Na wewe ndiye fundi viatu peke yako katika kata nzima. Kama kuna mtu anayejua watoto 409 walivipata wapi, ni wewe. Kulitokea nini? Na wale watatu wasio na viatu ni akina nani? Siulizi kwa niaba ya mtu. Nataka kujua tu, na nikitaka kujua kitu chakula hakinipandi.

Mwanao,
karani

21 Machi

Marahaba, baba. Najua hupendi nikuite baba mbele za watu, lakini umerithi jina la baba yangu na masikio yake, na humu kwenye karatasi hakuna watu.

Barua yako nimeichana kama ulivyosema. Vipande vinne. Bado inasomeka, lakini nimeichana.

Huku wote hatujambo. Baba yako goti limepona kiasi cha kuanza kubishana. Kitinda bado anapika pale kituo cha watoto, na wiki iliyopita wamepata sufuria mpya kubwa mpaka yeye mwenyewe anaingia ndani kuisugua. Watoto wanaokula pale sasa ni tisini na zaidi. Mmoja alimuuliza kwa nini kila siku chakula kinaisha yeye akiwa bado anatafuna. Kitinda akamwambia atafune haraka. Akajibu, "Nikitafuna haraka kitaisha haraka." Tumecheka.

Dukani kazi ipo. Nimepata uzi mzuri wa nta. Juzi amekuja bwana mmoja na kiatu kimoja cha kushonwa. Nikamuuliza cha pili kiko wapi. Akasema, "Hicho hakina tatizo, kimebaki nyumbani kimepumzika." Alikuja na ndala mguu mmoja na soksi mguu wa pili.

Hebu niambie na mimi ninachotaka kujua. Hao waheshimiwa wa kamati wanavaa viatu vya kamba au vya kuchomeka? Wakikaa, visigino vimelalia upande gani? Nikijua hivyo nitajua wanavyotembea, na nikijua wanavyotembea nitajua mengine. Chumba kina zulia au saruji? Wewe mwenyewe umevaa vile vyeusi nilivyokupa? Usivianike juani.

Kuhusu jambo uliloniuliza, mvua huku imenyesha sana.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari ya goti na ya sufuria. Chumba cha kamati kina zulia la kijani lililochakaa mbele ya kiti cha mwenyekiti. Viatu vingi ni vya kuchomeka. Nimetazama visigino kama ulivyoagiza, nikakamatwa natazama, nikajifanya nimeangusha kalamu.

Mvua nimeipokea. Viatu je?

Naomba unisikilize, kwa sababu si swali la udadisi tena. Maswali yale sita hayana uzito sawa. Kuna mtaalamu aliyeiambia kamati kwamba watu huongopa kuhusu chakula na kipato, lakini viatu havidanganyi, kwa kuwa mdodosaji anaviona kwa macho. Basi swali la nne limepewa uzito wa maswali mengine matatu yakiwekwa pamoja. Kata zimepangwa katika makundi matatu. Kwa majibu yetu mengine tungekuwa kundi la kwanza. Kwa sababu ya viatu, tumeangukia la tatu. Kundi la tatu halipati kitu, na hata ruzuku inayokuja sasa itasimama mwezi wa Agosti.

Nimeangalia ruzuku hiyo inalipia nini kwa kata yetu. Inalipia mshahara wa nesi wa zahanati na chakula cha mchana cha kituo cha watoto. Nimesoma mara tatu. Hakuna mfuko mwingine unaolipia sufuria ya Kitinda.

Juzi mjadala ulikuwa mkali. Kuna mheshimiwa mmoja, makarani tunamwita Soda kwa jinsi anavyozipigania chupa. Alisema, "Kila wilaya ijitegemee. Ikitaka kulisha watoto wake, itoze ushuru sokoni kwake." Mwingine ambaye zamani alikuwa nesi akamjibu, "Mheshimiwa, soko la kwetu lina mafungu tisa ya nyanya. Nikitoza ushuru yatabaki saba, na wewe utaniuliza mawili yamekwenda wapi." Watu walicheka, lakini Soda akainua jedwali nililolipiga chapa mimi na kusoma kata yetu kwa sauti. "Watoto mia nne na tisa wana viatu! Hawa ndio maskini mnaotaka tuwatoze kodi watu kwa ajili yao?" Nilikuwa naandika kumbukumbu. Nikaandika neno "viatu" mara mbili.

Kura itapigwa mwishoni mwa Juni. Tafadhali nijibu.

Mwanao

11 Mei

Baba,

Umeniandikia tena mara mbili na mimi nimekaa kimya. Usidhani barua zimepotea. Nimezisoma mpaka nimezikariri. Baba yako hajambo, Kitinda hajambo, mimi sijui.

Viatu ni vyangu.

Unakumbuka rafu ya nyuma, ile ya kazi zilizokwisha ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Oktoba ilikuwa na jozi arobaini na tatu za watoto. Wengine wenyewe wamehama, wengine watoto wamekua wamevipita, wengine hawana cha kunilipa na wanapita upande wa pili wa barabara nisiwaone. Nilikuwa nimevipiga rangi vyote, vinang'aa.

Ilitangazwa kwamba wadodosaji wanakuja na wataangalia watoto. Akina mama wakaingiwa na hofu. Mmoja alisikia kwamba mtoto atakayekutwa pekupeku, jina la mama yake litabandikwa ofisi ya kata. Mwingine alisikia kwamba watoto watapigwa picha. Wakaja kuniomba. Mimi ningesema nini?

Wadodosaji walikuwa wawili, kijana na binti, wana adabu sana. Walikuwa na sheria yao: wanafuata namba za nyumba, hawaruki hata moja, hawarudi nyuma. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Ukilijua hilo huna haja ya kujua lingine. Walipotoka nyumba hii, viatu vilitoka kwa mlango wa uani, vikaingia kwenye beseni, vikafunikwa nguo za kufua, na Kitinda akapita nalo kichochoro cha nyuma mpaka nyumba ya nne mbele. Alipita na beseni lile siku tatu. Yule binti wa dodoso alimwambia, "Dada, wewe unafua sana." Kitinda akamjibu, "Mwenzangu, acha tu."

Watoto walifurahi kupita kiasi. Wengine walivaa kwa dakika kumi, wakavua, wakasimama mlangoni kuangalia vinavyokwenda.

Mimi nilidhani ni jambo la kuandikwa tu, kama wanavyoandika kila mara kisha hatuwaoni. Hakuna aliyeniambia kwamba ukionekana huna ndipo unapopewa. Au labda niliambiwa, nikaona ni la watu wengine. Mwambie huyo mtaalamu wenu kwamba viatu vinadanganya kuliko wachumba.

Wale watatu uliouliza, sikuwa na saizi yao.

Shangazi

17 Mei

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimeisoma barua yako chooni, mlango umefungwa, kisha nikaisoma tena ofisini nikiwa nimeiweka ndani ya faili la ushuru wa forodha. Namshukuru Mungu wote wazima.

Nakuomba kitu kimoja tu: usimwambie mtu. Usiende ofisi ya kata, usiende halmashauri, usimwandikie mbunge. Si kwamba sitaki watoto wale. Nimekaa nimefikiri kila njia. Jedwali bado ni siri mpaka siku ya kura. Lile Soda alilisoma ndani ya kamati milango ikiwa imefungwa. Ukijitokeza sasa kusema habari ya viatu, swali la kwanza litakuwa: fundi viatu wa huko mbali alijuaje kwamba viatu ndivyo vilivyoiangusha kata? Watatafuta nani wa ofisi hii anatoka kata hiyo. Hawatatafuta sana. Niko mmoja.

Nipe wiki tatu. Labda naweza kuandika hoja kidogo pembeni ya jedwali kwamba idadi hii inashangaza, bila kusema najuaje. Labda naweza kumdokeza yule mheshimiwa nesi. Labda mtaalamu atagundua mwenyewe. Najua nimeandika "labda" mara tatu, nimezihesabu.

Katibu wetu anaitwa Bi Nukta kwa jina la makarani, kwa sababu hurudisha ukurasa mzima kwa nukta moja iliyokosekana. Mwaka jana alimfukuza karani aliyemwambia mkewe tarehe ya kikao. Tarehe tu, shangazi.

Swali moja dogo, kama hutachoka. Saizi. Una kalibu za mbao za kushonea za kila saizi na jozi arobaini na tatu rafuni. Inakuwaje watoto watatu wakose?

Mwanao mwenye wasiwasi

29 Mei

Shangazi,

Barua yako imefika. Sisemi ya kwangu. Nasema ya kamati.

Ilikuja kwenye gunia la posta la Jumatano. Niliujua mwandiko kabla sijaitoa, kwa jinsi unavyoikata herufi "t" kama unakata ngozi. Tarehe ya juu ni 11 Mei. Kumbe siku ile ile uliyoniandikia mimi ulimwandikia na mwenyekiti, na barua yangu ya kukusihi ilipishana na yako njiani. Sijui nikasirike au nikae chini.

Nimeisoma kama karani anavyopaswa kusoma. Hukulitaja jedwali. Hukunitaja mimi. Umeandika, "Nimesikia kwenye redio kwamba mnagawa fedha kwa kutazama hesabu ya Oktoba, na mimi nina la kusema juu ya hesabu hiyo." Ni barua safi. Mtu yeyote mwingine angeipokea, angeigonga muhuri, na mimi nisingeguswa kabisa. Lakini kupokea barua ni kazi yangu, na chini kuna jina la ukoo ambalo liko pia kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni kwangu.

Niliiweka kwenye droo. Nakuambia ukweli. Ilikaa droo siku mbili. Siku ya kwanza nilijiambia nasubiri muhuri ukauke, na muhuri sikuwa nimeupiga. Siku ya pili nilikwenda kula kwenye kantini nikashika kijiko, nikamkumbuka yule mtoto anayetafuna polepole, nikarudi.

Kuna fomu. Karani akipokea barua ya ndugu yake lazima ajaze. Jina, undugu, tarehe. Halafu swali la mwisho: "Umewahi kuwasiliana na mwandishi juu ya jambo hili?" Nilishika kalamu mpaka ikaacha doa. Nikaandika "Ndiyo."

Bi Nukta aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Kijana, miaka kumi na tisa nasoma fomu hizi. Hapa huandikwa 'hapana'." Nikasema, "Najua, mama." Akasema, "Basi kaa." Nikakaa. Akasema, "Si hapo, hicho ni kiti changu."

Nimeondolewa mezani kwangu mpaka shauri langu liamuliwe. Sasa napanga magazeti ya zamani kwenye stoo. Barua yako imesajiliwa namba 218. Kamati inakuita uje mwenyewe tarehe 17 Juni, nauli italipwa. Mimi nimekatazwa kuingia chumbani siku hiyo na kukutana nawe kabla ya kikao. Utakapotoka watakupeleka moja kwa moja kituo cha basi. Kwa hiyo nakuomba uniandikie kila kitu. Kila kitu, shangazi, hata nani alikohoa.

Naogopa sana, lakini nataka kujua.

Mwanao

25 Juni

Baba,

Nimefika salama, miguu imevimba, nimeiloweka. Nyumbani wote wazima na wote wananiuliza bunge linafananaje. Nimewaambia linanuka gundi ya mbao.

Nilivaa vile vyangu vya kahawia. Nikachukua na mfuko. Mlangoni askari akaniuliza, "Mama, ndani ya mfuko kuna nini?" Nikasema ushahidi. Akafungua akakuta viatu vya watoto jozi mbili. Akanitazama kama mtu aliyepotea hospitali.

Wako kumi na moja. Umesahau kuniambia kwamba meza ni ya nusu mwezi na anayesema anakaa katikati kama jino. Mwenyekiti ni mpole, ana mafua, ndiye aliyekohoa. Huyo Soda wako nilimjua bila kuonyeshwa. Akaanza yeye.

"Mama, unakiri uliidanganya serikali?"

"Mheshimiwa, mimi sikuulizwa neno. Iliyoulizwa ni miguu."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Ndiyo sababu nasema," akawaambia wenzake, "hatuwezi kumtoza mwananchi kodi ili tuwape watu wasiosema kweli."

Nilikuwa nimeshamtazama viatu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, samahani. Cha kulia kimewekwa soli mpya. Cha kushoto kimepakwa rangi tu pembeni kionekane kipya. Fundi wako amekudanganya. Lakini leo umekuja na viatu. Hukuja pekupeku ili kumkomoa."

Hapo hata mwenye mafua alisahau kukohoa. Soda akainua mguu akatazama. Baba, alitazama kweli.

Yule nesi ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mama, wakienda kuhesabu tena, watajuaje kiatu ni cha mtoto mwenyewe?" Nikatoa viatu kwenye mfuko. Nikawaambia waingize mkono ndani. Kiatu mtu akikivaa miezi mitatu, mguu wake unajichora: kidole gumba kina shimo lake, kisigino kina chake. Mwenyekiti akaingiza mkono mpaka kifundo, akafumba macho, akasema, "Kidole gumba kiko huku mbali." Nikamwambia, "Huo ni mguu wa miaka tisa. Siku ya hesabu kilivaliwa na mtoto wa miaka minne." Vikazungushwa mezani, kila mmoja anaingiza mkono. Wengine walinusa, sijui kwa nini.

Kisha mwenyekiti akauliza taratibu, "Nani alianza jambo hili? Ni akina mama waliokuja kwako?"

Na mimi nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nilishakuandikia wewe hivyo, nikaona imekaa vizuri. Lakini mbele yangu kulikuwa na kijana amekaa pale unapokaa wewe, anaandika, kalamu imesimama inanisubiri. Nikashindwa.

Hakuna aliyekuja. Mimi ndiye niliyepita milangoni. Hofu ya majina kubandikwa ilikuwepo, ndiyo, lakini niliiona kama mlango umeachwa wazi nikaingia nao. Miaka ishirini na saba nimeshona viatu kata hii. Sikutaka mgeni aje mtaa wa fundi viatu aandike kwamba watoto wanatembea pekupeku. Sikuwa nawasitiri watoto. Nilijisitiri mimi. Nikawaambia hivyo hivyo.

Na wale watatu. Saizi nilikuwa nazo. Ni wa yule mama anayeuza mkaa, nyumba ya mwisho. Nilimpelekea jozi tatu, nimezichagua mwenyewe. Akanirudishia mfuko akasema, "Fundi, viatu chukua. Watoto wangu niachie walivyo. Kama wamekuja kuangalia, waangalie." Nilimwona ana kiburi. Tangu Oktoba sikumsalimia. Nanunua mkaa upande wa pili wa soko, mkaa mbichi unaotoa moshi, kusudi tu nisipite kwake.

Niliposhuka basi nilikwenda kwake kabla ya kufika nyumbani. Nikamwambia nilikotoka na nilichosema. Akanisikiliza akipima mkaa wa mtu. Kisha akasema, "Umechoka, kaa." Nikakaa juu ya gunia na nguo zangu za bunge.

Na wewe? Nimekufanyia nini, baba? Hilo sikuliuliza kule. Nakuuliza wewe.

Shangazi

16 Julai

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimekusoma mara nyingi. Hujanifanyia kitu. Fomu niliijaza mwenyewe.

Ya kamati kwanza. Walipiga kura Alhamisi ya mwisho ya Juni. Kodi ya soda na bia imepita kwa tofauti ya kura mbili. Soda alipinga, lakini kwenye swali la nne alinyoosha mkono pamoja na wengine: uzito wa viatu umeondolewa kwa kata zote za nchi mpaka wahesabu upya. Ilionekana hatuko peke yetu. Kuna kata thelathini na nane ambazo karibu kila mtoto alikuwa na viatu siku ya hesabu. Mtaalamu alizitazama akasema hajui la kusema, na Bi Nukta akaagiza iandikwe hivyo hivyo kwenye kumbukumbu. Kwa sasa kata yetu imerudishwa kundi la kwanza. Ruzuku ya Agosti haisimami. Mwambie Kitinda, sasa unaweza kumwambia.

Ya kwangu. Siku ya shauri nilikuta watu watatu mezani na faili langu ni jembamba. Nimepewa onyo la maandishi na nimeondolewa kamati ya fedha kabisa; sitarudi. Nilidhani wananifukuza. Bi Nukta akasema, "Anayeshindwa kukaa kimya mbele ya namba, apelekwe namba zinakotoka." Nimewekwa kwenye timu ya kuhesabu upya, mimi ambaye nikigonga mlango natamani asiwepo mtu. Tumefundishwa siku mbili, na sehemu ya viatu imeandikwa kama ulivyoeleza, na mkono wa mwenyekiti umechorwa ukiingia kiatuni. Hawakuandika umetoka kwako. Mimi nimeandika kwa penseli pembeni. Safari hii hatufuati namba za nyumba. Kila asubuhi tunachota namba kwenye mfuko.

Nilijaribu kwa jirani yangu hapa, akaniruhusu. Kiatu cha binti yake kina alama za vidole gumba viwili tofauti, kimoja juu ya kingine. Nikamuuliza. Akasema kilikuwa cha dada yake, kisha cha binamu, sasa cha huyu. Sikujua niandike nini. Fomu ina "ndiyo" na "hapana" tu. Ningependa kujua wewe ungeandika nini.

Basi nikujulishe nitakavyopatikana. Kuanzia tarehe 22 usiandike tena kwenye anwani ya bunge. Tunaanza wilaya ya juu, kata tisa, kila kata siku sita. Barua zipeleke hospitali ya wilaya yenu Jumanne asubuhi kabla ya saa tatu. Kuna gari la chanjo linalopanda huko, dereva ni mwanamke mrefu, anachukua barua bila malipo kama bahasha haijakunjwa. Ataziacha zahanati ya kata tuliyopo. Simu hazishiki huko, usijisumbue. Na ukitaka kuja mwenyewe, jina langu wenyeji watakuwa hawajalizoea. Waambie unamtafuta yule karani anayepiga magoti mlangoni na kuingiza mkono kwenye viatu vya watoto. Watakuonyesha nyumba niliyomo.